Mkiambiwa Mnakwenda Kupanda Kamba Bagamoyo

Tangazo la ofisini lilisema "siku ya kujenga timu, Bagamoyo", na wengi wetu tukaelewa pweza, upepo wa bahari na mpira wa wavu wa kuchekeshana. Mstari wa chini uliosema kutakuwa na michezo ya kamba, ya chini na ya juu, yaani kutembea kwenye nyaya karibu na ardhi na juu ya nguzo, ulipita bila kusomwa. Kwa hiyo Coaster ilipoondoka Mwenge asubuhi ile, nusu ya akina mama walikuwa na madera na ndala za shanga, na mhasibu wetu kavaa viatu vyake vya ngozi, vile vyenye soli inayoteleza hata kwenye vigae vya ofisini.

Naandika haya kwa sababu mwaka huu nimetiwa kwenye kamati ya maandalizi, na kila ninayemgusia ananiuliza yale yale: inatisha? inaumiza? ni lazima kupanda? Mawili ya kwanza nayajibu hapo hapo. Inatisha, ndiyo, na kesho yake mikono itakuuma. La tatu ndilo lililotugawa pale ofisini.

Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kilomita 70 hivi, lami tupu, lakini msipige hesabu ya kilomita; pigeni hesabu ya foleni ya Tegeta na Bunju. Ukishaiacha Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga zinapita upesi. Sisi tulitakiwa saa mbili asubuhi, tukafika saa nne kasoro. Kuchelewa kule kulikula kitu kimoja tu, nacho ni maelezo ya usalama. Wenyeji waliyafupisha ili muda wa chakula usivurugike, na meneja wetu akawashukuru. Kama kuna jambo la kung'ang'ania ni hilo. Punguzeni michezo, punguzeni picha, wali usubiri. Maelezo yatolewe yote, na kila kifungo kionyeshwe kwa mkono, si kwa mdomo.

Ndani ya gari tuligawiwa fomu, kurasa mbili za Kiingereza cha mawakili, tukazisaini juu ya mapaja huku gari likiruka matuta. Ukurasa wa kwanza ulisema tunazijua hatari na tumezikubali. Wa pili ulikuwa wa afya: presha, sukari, pumu, kifafa, moyo, mgongo, bega lililowahi kuteguka, upasuaji wa karibuni, ujauzito. Maswali ni ya haki kabisa. Mwenye bega linalochomoka hafai kuning'inia, na mwenye pumu dawa yake ya kuvuta iende naye mpaka chini ya nguzo, isibaki kwenye mkoba garini. Tatizo lilikuwa mkusanyaji. Afisa utumishi alizipokea, akakaa kiti cha mbele akizisoma moja baada ya nyingine. Hapo nani ataandika ukweli? Baba mmoja wa usambazaji, ambaye sote tunamwona akimeza vidonge vya presha kila asubuhi baada ya chai, aliweka "hapana" ukurasa mzima. Fomu ya afya iende moja kwa moja kwa mwenye kamba, ndani ya bahasha, isipite mikononi mwa mwajiri. Na iandikwe Kiswahili. Nimelipigania hilo kwenye kamati na limepita.

Kisha ukaja mzani. Vifaa vina kikomo cha uzito. Pale tulipokwenda sisi kilikuwa kilo 110, na kila mahali wana chao kulingana na vifaa vyao. Kwenye kamba ya kuteleza, ile unayoning'inia kwenye kapi mpaka upande wa pili, hata wepesi una shida yake, maana mtu mwepesi sana anaweza kukwama katikati kabla hajafika ng'ambo. Kupima ni lazima, sibishi. Lakini si lazima mzani uwekwe uwanjani mbele ya kampuni nzima, kijana mmoja akitangaza namba kwa sauti ili mwenzake aandike. Mama wetu wa jikoni, mcheshi kuliko wote ndani ya gari, alipotajiwa namba yake alicheka pamoja na watu, kisha akaenda kukaa chini ya mwembe na hakuinuka tena mpaka chakula. Mzani uwe chumbani, mtu mmoja mmoja, na anayeandika aandike kimya.

Mkanda wa kupandia ni utepe mpana wa nailoni unaozunguka kiuno, wenye mizunguko miwili ya mapajani, na kitanzi kwa mbele kinachopokea karabina, ile pete ya chuma yenye mdomo unaofunguka na kujifunga. Wa kiuno unakaa juu ya mifupa ya nyonga. Ukikaa chini yake, siku utakayopinduka kichwa chini unaweza kukuvuka kama suruali. Kipimo cha kukaza ni rahisi: kiganja kilichonyooka kipite kati ya mkanda na paja, ngumi isipite. Akina baba wajipange vizuri kabla ya kukazwa. Sisemi zaidi, waliowahi kuning'inia wananielewa.

Dera halifungiki mkanda. Likivutwa linajikusanya mapajani na miguu inabaki nje, na kanga ya kiunoni ni vivyo hivyo. Vaa suruali pana isiyobana na shati refu la mikono, utastirika na utakuwa huru. Kwa wanaojifunika, chagueni mtandio wa kuvalia kichwani usio na pini, ncha zake ziingizwe ndani ya kola, kisha kofia ngumu juu yake. Pini ikikandamizwa na kofia ngumu inachoma fuvu. Pete, bangili, cheni na hereni za duara zote zivuliwe nyumbani. Pete ikinasa kwenye waya mwili ukiwa unashuka, kidole ndicho kinacholipa. Wigi nalo lina habari yake, maana kofia ngumu haikai imara juu ya wigi, na kuna dada wa mauzo aliyelazimika kuchagua kati ya nguzo na nywele. Alichagua nywele. Viatu viwe raba za kufunga kamba. Mifuko iwe mitupu kabisa, maana simu ikidondoka kutoka juu inamwangukia aliyesimama chini akikushikia.

Halafu kuna suala la nani anakukaza. Kijana wa kiume kupiga magoti mbele ya mke wa mtu akivuta mikanda ya mapajani si jambo dogo kwetu, na halipungui uzito kwa kuitwa michezo. Wenzangu wawili walikataa palepale. Mkufunzi wa kike alikuwepo, mmoja tu, lakini alikuwa tayari juu ya nguzo, tukamsubiri ashuke huku meneja akiangalia saa. Ulizeni hili kwa simu kabla ya kulipa, na ombeni mkufunzi huyo abaki chini mpaka wanawake wote wamefungwa.

Michezo ya chini wengi waliidharau. Kulikuwa na waya uliovutwa kati ya miti miwili, sentimita 40 hivi kutoka ardhini. Mbao fupi za kuvukia kipande cha mchanga kilichoitwa mto. Na wavu wa kamba wenye matundu ya ukubwa tofauti, ambapo kila mtu apitishwe kwenye tundu lake bila kuugusa uzi. Aliyeumia siku ile aliumia hapa. Mhasibu na viatu vyake aliteleza kwenye waya, kifundo cha mguu kikavimba mpaka soksi ikakataa kuvuka. Juu kuna mkanda, kamba na mtu aliyefundishwa kukushikia. Chini una wenzako tu, na wenzako walikuwa wanapiga picha. Anayetembea kwenye waya wa chini anatakiwa awe na watu wawili wanaokwenda naye hatua kwa hatua, mikono imeinuliwa, macho kwake.

Tukiwa hospitali ndipo swali likazuka: nani analipa? Mhasibu alikuwa na bima ya afya, lakini kadi ilikuwa nyumbani. Afisa utumishi hakujua kama siku ya michezo inahesabiwa kuwa kazini. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 kwa ajili ya anayeumia au kuugua kutokana na kazi. Kama safari yenu inaingia humo au haiingii, lisiwe swali la kuulizana mbele ya dirisha la malipo. Liulizwe ofisini wiki kadhaa kabla, na jibu lije kwa maandishi. Na kila mtu aje na kadi yake ya bima.

Kulikuwa pia na mchezo wa kujiangusha kinyumenyume kutoka kwenye jukwaa, wenzako wakikudaka. Huu usifanywe kwa mzaha. Anayeanguka anakunja mikono kifuani, anashika shati lake mwenyewe, mwili unanyooka; akifungua viwiko, kinachofuata ni meno ya mdakaji. Wadakaji wanasimama mistari miwili wakitazamana, viganja juu, mikono ikipishana, mguu mmoja mbele, vichwa vimerudishwa nyuma. Anauliza "Tayari?" na anasubiri kujibiwa. Kijana wetu wa mauzo hakusubiri. Alidakwa na watu watatu badala ya wanane, na mmoja wa hao watatu bado anamkumbusha kila wakikutana kwenye ngazi.

Baada ya hapo ndipo tukapelekwa kwenye nguzo zenyewe. Ni nguzo za mikaratusi za aina ile inayobeba nyaya za umeme, zimesimikwa kwenye shamba la zamani la mikorosho upande wa Kaole. Mita 8 hivi juu kuna nyaya za chuma, madaraja ya mbao na magogo yanayoyumba, na kila nguzo ina jukwaa dogo la kupumzikia. Unatembea na mikia miwili ya kamba fupi iliyofungwa kwenye mkanda wako, kila mmoja na karabina yake, na sheria ni moja: usizifungue zote mbili kwa pamoja, hata ukiwa umesimama jukwaani, hata kwa sekunde. Unafungua ya kwanza, unaihamishia kwenye waya unaofuata, unasikia imebana, ndipo unagusa ya pili. Kwenye ngazi ya kupandia unafungwa kwenye kamba ndefu inayoshikwa na mtu aliye chini, na hapo kuna kuitikiana. "Kamba tayari?" "Tayari!" "Napanda!" "Panda!" Usipande kwa kudhani, ngoja usikie. Na usiache mwenzako wa ofisini ambaye hajafundishwa akushikie kamba kwa sababu tu mkufunzi ameitwa pembeni.

Kabla hujaenda juu omba kitu kimoja: uning'inizwe nusu mita kutoka ardhini, miguu ikiwa hewani, dakika moja tu. Hapo ndipo mwili unapojifunza kwamba mkanda unabeba. Mimi niliomba kwa sababu ya woga, na ilinisaidia kuliko hotuba zote. Juu nilivuka daraja la kwanza vizuri. Kwenye waya wa pili, katikati kabisa, mguu wa kushoto ukaanza kupiga kama cherehani, na kadiri nilivyojaribu kuutuliza ndivyo ulivyozidi. Mikono nayo ilikuwa imekwisha nguvu, kwa sababu nilikuwa nimeikamata ile kamba ya pembeni kama vile ndiyo inayonibeba. Kijana aliyekuwa jukwaani akaniita taratibu, "Mama, shusha kisigino. Pumua. Halafu kalia mkanda." Kalia vipi, nikamwuliza, na machozi yalikuwa karibu. "Kunja magoti tu, mama, utakaa." Nikakunja, nikakaa hewani, na mguu ukanyamaza. Niligundua baadaye kwamba wote waliochoka haraka walifanya kosa hilohilo la kubeba mwili kwa mikono. Shika kwa viganja vilivyolegea, usawa wa kifua, uzito uuachie miguu, macho yaende kwenye nguzo iliyo mbele. Kutazama chini hakuui, lakini kunachelewesha.

Nyuma yangu alikuwa kijana wa kompyuta. Yeye hakukwama kwenye waya; alikwama jukwaani, akiwa amekumbatia nguzo kwa mikono miwili, shavu limegandamana na mti, na hakusema kitu. Meneja wetu alikuwa chini, kofia ya jua kichwani, mkanda hakuvaa. Akaanza: "Wewe si mwanaume? Mbona akina mama wamepita?" Watu wakacheka, simu zikainuliwa. Akaongeza kwamba kampuni imelipa. Kadiri alivyopaza sauti ndivyo kijana alivyozidi kuikaza nguzo, hadi vidole vikawa vyeupe, na mimi niliyekuwa jukwaa la mbele niliviona. Mkufunzi wa kike alipanda ngazi ya pili, akakaa kando yake bila kumgusa, akamwuliza asubuhi alikunywa chai na nini. Chapati. Ngapi? Mbili. Wakaongea habari za chapati. Akamfunga kwenye kamba ya kushushia, akamweleza kila karabina anayoigusa kabla ya kuigusa, na akamshusha. Kisha akapita mbele ya meneja akamwambia kwa heshima zote, "Bosi, naomba ukelele uwe wangu peke yangu." Meneja alicheka, lakini alinyamaza.

Niliporudi nyumbani nilisoma kidogo chimbuko la michezo hii. Mfaransa Georges Hébert, afisa wa jeshi la majini, alikuwa akifundisha watu kukimbia, kukwea na kuvuka vizuizi mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1941 mwalimu Kurt Hahn na mwenye meli Lawrence Holt walifungua shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales. Ilikuwa wakati wa vita, na Holt aliona kwamba meli zikizamishwa, mabaharia vijana walikuwa wakikata tamaa mapema kuliko wazee. Mwaka 1971 mpango ulioitwa Project Adventure ukaanza Marekani na kuipeleka michezo hii mashuleni, na ni huko ilikoshika mizizi kanuni ambayo wakufunzi wazuri wote wanaifuata: kila mtu anajichagulia kiwango chake cha changamoto, na anayekataa haulizwi sababu. Yaani kupanda ngazi tatu na kushuka ni kushiriki, na kusimama chini ukishika kamba au ukimtazama mwenzako ni kushiriki pia. Wakufunzi wetu walilisema hilo asubuhi, kwa sentensi moja, ndani ya yale maelezo yaliyofupishwa. Meneja alikuwa kwenye simu.

Nashikilia hivi: kama mkuu wa ofisi hajakubali kanuni hiyo kabla ya gari kuondoka, tena mbele ya watu, bora fedha zile mkale pweza. Michezo yenyewe haina ubaya. Ubaya unaingia pale mwenye uwezo wa kukupa au kukunyima mkataba anaposimama chini akikuhesabia ujasiri. Hapo huna hiari hata ukiambiwa unayo. Wapo watakaosema, kama wanavyosema kwenye kamati, kwamba bila kusukumwa kidogo hakuna atakayepanda. Si kweli. Dada watatu waliosema asubuhi kwamba hawapandi walipanda mchana, baada ya kuona wengine wakishuka wazima na hakuna anayewasumbua.

Dada wa mapokezi hakupanda kabisa. Alisema anaogopa, akataniwa siku nzima, akaitwa "mama wa chini", naye akawa anatabasamu na kutupa maji. Miezi kadhaa baadaye tumbo lilipoonekana tukapiga hesabu sote kimyakimya. Siku ile alikuwa na mimba changa ambayo hakuwa amemwambia mtu, na kabla ya hapo, aliniambia mwenyewe, alikuwa amepoteza moja. Fomu ya afya iliyosomwa na afisa utumishi kwenye kiti cha mbele angeijazaje? Alijaza kama wengine.

Aliyetushangaza ni mzee wa stoo, aliyebakiza muda mfupi kustaafu. Alizaliwa Mlingotini, amekulia kwenye ngalawa. Kabla ya kugusa chochote alimwuliza mkufunzi, "Mwanangu, kamba hizi zinalala wapi usiku?" Nilidhani ni utani. Si utani. Jua linaila nailoni polepole; kamba iliyoachwa nje inafifia rangi, inaota manyoya, inakuwa ngumu mkononi. Na hewa ya chumvi ya pwani kama Bagamoyo inakula chuma. Mzee akazunguka akitazama mahali waya unapozunguka nguzo, akafungua na kuachia karabina kuona kama mdomo wake unajirudi wenyewe, akapiga teke la upole chini ya nguzo kusikiliza kama mchwa wamefika. Kijana wa watu hakuudhika. Alimwonyesha stoo ya kamba na daftari la ukaguzi. Mwenye vifaa vizuri hufurahi kuulizwa. Ulizeni nani amekagua na lini, na kwa viwango gani: Ulaya wana EN 15567, na Marekani kuna chama cha wajenzi na waendeshaji wa michezo hii, ACCT, kilichoanza mwaka 1993. Ulizeni pia wanamshushaje mtu aliyezimia juu, na mwambieni awaonyeshe kifaa chenyewe, kwa sababu mtu aliyezirai akiachwa ananing'inia kwenye mkanda bila kusogea, damu inatuama miguuni na anaweza kupoteza maisha hata kama hakuanguka. Anayebabaika kwenye swali hilo msimlipe.

Mzee alipanda, akavuka nyaya zote kwa mwendo wake wa kwendea sokoni, akashuka, akaomba maji.

Chakula kilikuja kabla ya kamba ya kuteleza, na hilo nalo likawa somo. Pilau, kuku, soda, kisha unafungwa kwenye kapi na kuachiwa uteleze juu ya mikorosho. Kijana wa mauzo, yuleyule, alilirudisha pilau alipotua. Asubuhi kula kitu chepesi, maji kunywa mengi, na chakula kikubwa kiwe mwisho wa yote. Kwa sababu hiyo hiyo msipange Ramadhani, mtawatesa waliofunga. Masika, Machi hadi Mei, nako kuna mvua na radi, na hakuna mkufunzi mwenye akili atakayeacha mtu kwenye waya wa chuma mawingu yakinguruma. Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, kunakuwa na nafuu ya joto.

Wasiopanda wapewe kitu cha kufanya. Magofu ya Kaole yalikuwa karibu mno, na misikiti na makaburi ya mawe ya tangu karne ya 13, na hakuna aliyefikiria kuwapeleka kina mama wa mwembeni. Walikaa saa nne wakitazama soli za viatu vyetu. Bei nayo ilikuwa kwa kichwa, na kichwa kilihesabiwa hata kisipopanda. Sisi tulichangia shilingi 20,000 kila mmoja na ofisi ikamalizia, picha zikalipiwa pembeni. Safari hii tumeomba bei mbili, ya wapandaji na ya wasiopanda, na kwa mshangao wetu wamekubali bila kelele.

Jioni mkufunzi wa kike alitukalisha duara tuzungumze. Wengi walitaka kuondoka, ila pale ndipo fedha yetu ilipopata maana kidogo. Alituuliza habari ya ule wavu wa kamba asubuhi, ambapo sote tulikuwa tunatoa amri kwa pamoja, na tuliufaulu pale tu alipotuziba midomo wote isipokuwa mtu mmoja. Akauliza kama ofisini ni hivyo hivyo. Mama wa stakabadhi akajibu, "Ofisini ni zaidi," watu wakaangua kicheko, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi pale nikasikia watu wa stoo na wa mauzo wakiambizana kwa nini mzigo huwa unachelewa. Meneja alisikiliza. Nampa haki yake, alisikiliza.

Jumatatu kwenye kundi la WhatsApp la ofisi kijana wa kompyuta alikuwa ameshageuzwa stika, shavu kwenye nguzo, na maneno "Si mwanaume?" Ikatumwa kila mtu akichelewa kikao, kila ripoti ikikwama. Yeye alicheka siku za mwanzo, akatoka kwenye kundi, na mpaka leo hajarudi. Kwa hiyo kwenye orodha ya kamati, juu kabisa kabla hata ya usafiri, tumeandika kwamba simu zinakusanywa kwenye kikapu wakati wa kamba za juu na mpiga picha ni mmoja, anayefuta picha yoyote mwenyewe akiomba.

Na pangeni safari iwe Ijumaa. Sisi tulikwenda Jumapili, na Jumatatu hiyo nilipanda daladala nikashindwa kushika bomba la juu. Vidole havikukunja, mabega yalikuwa mazito, mapajani alama za mkanda zimegeuka zambarau. Konda akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Kalamu niliishika Jumatano.